Dizeli ya mimea: Jinsi inavyolainisha pampu za injini, faida zake na mipaka yake

WAHENGA wa pwani walinena kwamba chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Nyenzo ni magogo yanayotandazwa mchangani ili mashua au jahazi livutwe juu yake. Mafundi wa vyombo walifahamu pia kwamba mbao kavu na mkuku mkavu havipatani. Ndiposa walipaka chombo deheni upande wa chini, yaani mchanganyiko wa shahamu na chokaa, na mbao za juu wakazipaka sifa, mafuta ya samaki yenye harufu kali. Elimu ya kupunguza msuguano kwa mafuta ya viumbe haikuletwa na meli za kigeni.

Leo katika kijiji cha Kibuyuni, karibu na Shimoni katika Kaunti ya Kwale, nyenzo zimebadilika sura. Kijiji hiki kinajulikana kwa uvuvi na kilimo cha mwani. Boti nyingi ndogo za eneo hilo husukumwa na injini za petroli zinazofungwa nyuma. Hata hivyo, dizeli ndiyo inayoendesha mashine za kusagia mahindi, jenereta, malori, magari ya abiria na boti kubwa zenye injini ndani, zikiwemo zile zinazotoka Shimoni kwenda kuvua katika Mkondo wa Pemba.

Kwa wenye injini hizo, gharama inayoogopewa mno ni ya pampu ya dizeli na nozeli zake. Pampu ikilika, injini huwa ngumu kuwaka, hutoa moshi mweusi, hupoteza nguvu na hatimaye huzima. Nchi kavu, hilo ni hasara ya pesa. Baharini, wakati wa kusi, injini kuzima ni hatari kwa maisha.

Makala haya yanaeleza jinsi mafuta ya dizeli yanavyolainisha pampu, sababu za dizeli ya siku hizi kupungukiwa na utelezi, na namna kiasi kidogo cha dizeli itokanayo na mimea kinavyoweza kuurejesha. Yanaeleza pia ni wapi jambo hili hukoma kuwa msaada na kuanza kuwa madhara.

Mafuta yenye kazi mbili

Katika injini yoyote kuna mafuta ya aina mbili. Oili hukaa chini ya injini na kazi yake ni kulainisha krenki, pistoni na vyuma vinginevyo. Dizeli nayo huingia ili ichomwe. Wengi hudhani kwamba dizeli haina kazi nyingine. Fikira hiyo si sahihi.

Ndani ya pampu ya dizeli kuna vyuma vinavyosukumana na kuteleza kwa kasi. Nafasi kati ya kijiti cha kusukuma mafuta na ala yake ni maikroni chache tu. Maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na unywele wa binadamu una unene wa takriban maikroni 70. Katika nafasi nyembamba kiasi hicho, oili ya injini haifiki. Kinacholainisha vyuma hivyo ni dizeli yenyewe inayopita hapo.

Pampu za zamani zilizopangwa vijiti vyake kwa mstari hupata oili katika sehemu za chini, hivyo huvumilia kiasi. Pampu za mzunguko, ambazo zimetumika katika pikapu na matrekta mengi, hutegemea dizeli pekee kwa ulainishaji wake wote. Magari ya kisasa yenye bomba moja la pamoja la mafuta hutumia shinikizo linaloweza kupita baa 2,000. Kadiri shinikizo linavyoongezeka, ndivyo pampu inavyokosa subira kwa mafuta yasiyoteleza.

Salfa ilipoondolewa

Mnamo Januari 1, 2015, Kenya pamoja na Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi zilianza kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa kila sehemu milioni. Hatua hiyo ilikuwa na sababu nzuri. Salfa ikiungua hutoa gesi na vumbi laini vinavyodhuru mapafu, na huharibu vifaa vya kusafisha moshi vilivyowekwa katika magari mapya.

Mafundi wengi husema kwamba dizeli ya zamani ilikuwa "na mafuta zaidi" kwa kuwa ilikuwa na salfa. Usemi huo una ukweli nusu. Salfa yenyewe si kilainishi kikubwa katika dizeli. Kinachotokea ni kwamba ili kuiondoa, viwanda vya kusafisha mafuta hupitisha dizeli pamoja na gesi ya haidrojeni katika joto na shinikizo kubwa. Kazi hiyo huondoa salfa, lakini huondoa pia chembechembe chache zenye oksijeni na naitrojeni. Chembechembe hizo ndizo zilizokuwa ziking'ang'ania chuma na kukipa utando wa kukilinda. Salfa hufukuzwa kwa haki, na walinzi huondoka pamoja nayo.

Ulimwengu ulijifunza jambo hili kwa gharama. Uswidi ilipoanza kuuza dizeli yenye salfa ndogo sana mapema katika miaka ya 1990, pampu za magari zilianza kuharibika kabla ya wakati wake. Jimbo la California nchini Marekani lilikumbana na malalamiko kama hayo lilipobadilisha dizeli yake mwaka wa 1993. Tangu hapo, wauzaji wa mafuta huongeza dawa maalumu ya kulainisha, kwa kipimo kidogo cha sehemu mia moja hivi au zaidi kidogo kwa kila milioni, kabla ya dizeli kufika sokoni.

Kenya haisafishi tena mafuta ghafi. Kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kilisitisha kazi hiyo mwaka wa 2013, na tangu wakati huo dizeli yote huagizwa ikiwa tayari imesafishwa. Hivyo utelezi wa dizeli inayofika Kwale hutegemea ilivyotayarishwa ng'ambo, na pia uaminifu wa kila mkono unaoishika kutoka bandarini hadi kwenye mtungi wa lita 20 wa mteja wa mwisho.

Jinsi utelezi unavyopimwa

Utelezi wa mafuta si kitu cha kupimwa kwa kusugua vidole. Mafuta yanaweza kuwa mazito yasilinde chuma, na mengine yakawa mepesi yakakilinda vyema. Uzito huo wa kutiririka huitwa mnato, nao ni sifa tofauti na utelezi.

Njia inayotumika katika maabara nyingi duniani ni rahisi kueleweka. Tufe dogo la chuma lenye kipenyo cha milimita 6 hukandamizwa kwa uzito wa gramu 200 juu ya kisahani cha chuma kilichozama katika mafuta yanayopimwa. Mafuta hayo hupashwa joto la nyuzi 60. Kisha tufe husuguliwa mbele na nyuma mara 50 kila sekunde, kwa mwendo wa milimita moja tu, kwa muda wa dakika 75. Baadaye kovu lililoachwa juu ya tufe huangaliwa kwa hadubini na upana wake kupimwa.

Kovu dogo ni dalili ya mafuta yanayoteleza. Kovu kubwa ni dalili ya mafuta yanayoacha vyuma vilane. Kipimo cha Ulaya hakiruhusu kovu la dizeli kuzidi maikroni 460, ilhali cha Marekani hakiruhusu lizidi 520. Dizeli iliyoondolewa salfa na isiyotiwa dawa yoyote mara nyingi huacha kovu linalozidi maikroni 550. Biodizeli halisi, yaani dizeli iliyotengenezwa kwa mafuta ya mimea, kwa kawaida huacha kovu lisilofika 300.

Jambo linalowavutia wataalamu ni hili: si lazima utumie biodizeli tupu ili upate ulinzi huo. Ukiongeza asilimia 1 au 2 tu katika dizeli kavu, kovu mara nyingi hushuka hadi ndani ya kiwango kinachokubalika. Ukipita asilimia 5, nyongeza ya biodizeli haipunguzi kovu kwa kiasi kikubwa tena. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kikishajaa, kinachoongezwa humwagika.

Siri iliyomo katika mafuta ya mimea

Dizeli ya kawaida imeundwa kwa minyororo ya kaboni na haidrojeni pekee. Minyororo hiyo haina kitu cha kuivutia kwenye chuma. Mafuta ya mimea yana minyororo inayofanana na hiyo, lakini kwenye ncha moja kuna oksijeni. Ncha hiyo hupenda chuma na kukikamata. Sehemu iliyobaki ya mnyororo husimama wima kama nyasi. Chuma kimoja kikikutana na kingine, nyasi za huku hugusana na nyasi za kule, na vyuma vyenyewe havigusani.

Utando huo una unene mdogo mno, lakini hujitengeneza upya kila unapokwaruzwa, mradi mafuta yanaendelea kupita. Hii ndiyo sababu kiasi kidogo hutosha. Uso wa chuma ukishafunikwa wote, chembechembe za ziada hazina mahali pa kukaa.

Utafiti umeonyesha pia kwamba si kila kilichomo katika biodizeli kina nguvu sawa. Asidi za mafuta zilizo huru, pamoja na mabaki ya mafuta yaliyogeuzwa nusu tu, hulainisha zaidi ya esta safi ambazo ndizo sehemu kubwa ya biodizeli. Lakini asidi hizo zikizidi hula vyuma na kuleta kutu, na mabaki hayo yakizidi huziba filta. Kwa hiyo viwango vya ubora huviruhusu vitu hivi kwa kiasi kidogo tu.

Sabuni na dizeli ni ndugu

Wanawake wa Kibuyuni wanaolima mwani hutengeneza pia sabuni ya mwani. Anayejua kutengeneza sabuni ana nusu ya elimu ya biodizeli. Katika sabuni, mafuta kama ya nazi huchanganywa na magadi makali, nayo hugawanyika kuwa sabuni na gliserini. Katika biodizeli, mafuta huchanganywa na alkoholi iitwayo methanoli, huku magadi makali yakitiwa kidogo tu ili kuharakisha kazi. Kinachopatikana ni esta, ambazo ni biodizeli, na gliserini inayotuama chini.

Faida ya mageuzi hayo ni mnato. Dizeli ya kawaida, ikipimwa kwa nyuzi 40 za joto, huwa na mnato wa takriban 2 hadi 4.5 kwa kipimo cha milimita za mraba kwa sekunde. Mafuta ghafi ya mimea mengi huwa kati ya 30 na 40, karibu mara kumi zaidi. Yakishageuzwa kuwa biodizeli, mnato hushuka hadi karibu 4 au 5, kiasi ambacho nozeli inaweza kukinyunyiza kama ukungu.

Hata hivyo, kazi hii si ya jikoni. Methanoli ni sumu inayopofusha na kuua, na mvuke wake hulipuka kwa cheche ndogo. Wakenya hawajasahau Mei 2014, pombe iliyochanganywa na methanoli ilipoua watu wengi na kuwapofusha wengine katika kaunti kadhaa. Aidha, biodizeli isiyooshwa vizuri hubaki na sabuni na magadi ndani yake, vitu ambavyo vitaiharibu pampu ile ile iliyokusudiwa kulindwa.

Mimea ya pwani na tabia zake

Mnazi. Kwale ni miongoni mwa maeneo makuu ya minazi nchini. Mafuta ya nazi yana minyororo mifupi ambayo haiozi upesi kwa hewa, hivyo biodizeli yake hukaa muda mrefu bila kuharibika. Udhaifu wa mafuta ghafi ya nazi ni kwamba huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 25 hivi, jambo linaloweza kutokea hata pwani alfajiri ya Julai. Yakigeuzwa kuwa biodizeli, tatizo hilo huondoka. Ufilipino, nchi ya minazi kama Kwale, iliamuru dizeli yote ichanganywe na asilimia 1 ya biodizeli ya nazi mwaka wa 2007, ikapandisha hadi asilimia 2 mwaka wa 2009, na asilimia 3 tangu Oktoba 2024. Huko nazi ni zao la viwanda vikubwa. Hapa kwetu mafuta ya nazi ni chakula na vipodozi, na bei yake hupita ya dizeli.

Mbono. Huu ndio mmea uliosifiwa kupita kiasi nchini katika miaka ya 2000. Waliousifu walisema kwamba hustawi katika ardhi kavu bila matunzo na kwamba ungewatajirisha wakulima. Mwaka wa 2009, utafiti uliofanywa kwa ajili ya shirika la Ujerumani la GTZ, ukishirikisha taasisi ya utafiti wa misitu ya KEFRI na kituo cha kilimo-mseto cha ICRAF, uligundua kuwa mavuno ya wakulima wa Kenya yalikuwa duni mno, na ukashauri mmea huo upandwe kama ua wa shamba pekee. Mafuta yake yanafaa kwa biodizeli na hulainisha vyema, ila mbegu zake zina sumu na hazifai kuwekwa karibu na chakula wala mifugo.

Mbarika. Mafuta ya mbarika ni bingwa wa utelezi. Asidi yake kuu, inayofikia karibu asilimia 90, ina kiungo cha ziada cha oksijeni katikati ya mnyororo, hivyo hukamata chuma mahali pawili. Ndiyo maana yalitumika kulainisha injini za ndege za Vita vya Kwanza vya Dunia, na jina la oili maarufu ya Castrol lilitokana na jina la Kiingereza la mmea huo. Lakini baraka hiyo ina gharama yake. Biodizeli ya mbarika ni nzito kupita viwango vinavyokubalika, kwa hivyo haifai kutumiwa peke yake. Inafaa kama kitoweo ndani ya dizeli nyingine, wala si kama mlo.

Kati ya mimea hii mitatu hakuna iliyozalisha soko la kitaifa la biodizeli. Wizara ya Kawi ilitoa mkakati wa kuendeleza biodizeli kwa kipindi cha 2008 hadi 2012, lakini matumaini yake yalififia pamoja na ya mbono.

Mafuta yanasafiri, utelezi unabaki njiani

Mnamo 2022 habari mpya ilizuka. Kampuni ya Italia ya Eni ilifungua kiwanda cha kukamua mbegu katika Kaunti ya Makueni, na mwezi Oktoba mwaka huo shehena ya kwanza ya mafuta ya mimea ikasafirishwa kutoka Mombasa kwenda kiwanda cha Gela, kisiwani Sicily. Mbegu zinazokusudiwa ni pamoja na za mbarika na mukinduri.

Msomaji atambue kwamba kinachotengenezwa Gela si biodizeli ya esta. Huko mafuta ya mimea hupitishwa kwenye haidrojeni, mtindo ule ule unaotumika kuondoa salfa, na oksijeni yote huondolewa. Matokeo yake ni dizeli safi sana, isiyoharibika upesi na inayofanana na dizeli ya petroli katika mambo mengi. Lakini kwa kuwa oksijeni imeondoka, utelezi nao umeondoka. Dizeli ya aina hiyo, ingawa imezaliwa na mbarika, hupungukiwa na ulainishaji na ni lazima itiwe dawa kabla ya kuuzwa.

Hili ni somo la msingi katika mada hii. Kusema kwamba mafuta yametoka kwa mmea hakutoshi. Ni lazima kuuliza yamegeuzwa kwa njia gani. Mmea mmoja unaweza kuzaa dizeli inayoteleza mno au dizeli kavu kabisa, kutegemea kiwanda.

Lugha ya viwango vya mchanganyiko

Michanganyiko hutajwa kwa herufi B na tarakimu. B2 ina biodizeli asilimia 2. B5 asilimia 5. B20 asilimia 20. Na B100 ni biodizeli tupu. Kiwango cha dizeli ya kawaida barani Ulaya huruhusu hadi asilimia 7 bila kumtaka mwenye gari abadilishe chochote.

Kwa madhumuni ya kulainisha, B2 inatosha. Katika lita 20 za dizeli, asilimia 2 ni mililita 400, kiasi kisichofika nusu lita. Kuanzia B20 kwenda juu, lengo huwa kupunguza matumizi ya mafuta ya petroli, wala si utelezi, na hapo mambo mengine hujitokeza.

Kwanza, biodizeli husafisha. Uchafu uliogandamana ndani ya tangi kwa miaka mingi hung'oka na kukimbilia filta. Anayeanza kutumia mchanganyiko mzito katika injini kuukuu hujikuta akibadilisha filta mara kwa mara mwanzoni.

Pili, biodizeli hula mipira ya aina ya zamani. Mifereji na pete za mpira katika injini za miaka mingi huweza kufura au kupasuka inapotumika B100.

Tatu, ina nguvu kidogo. Lita moja ya B100 hubeba nishati pungufu kwa takriban asilimia 8 ikilinganishwa na dizeli. Katika B2 tofauti hiyo haitambuliki.

Nne, na hili ni zito kwa watu wa pwani, biodizeli hunyonya maji kuliko dizeli. Hewa ya bahari imejaa unyevu, na tangi lililojaa nusu hupumua unyevu huo kila usiku. Maji yakituama chini, vijidudu huzaliana na kuunda utelezi wa aina mbaya: ute unaoziba filta. Maji pia huharibu utando wa ulainishaji na kuleta kutu katika pampu.

Kosa la kumimina mafuta ya kupikia

Kuna wanaosikia habari hizi na kukata shauri kumimina mafuta ya kupikia moja kwa moja kwenye tangi. Hutaja kuwa katika maonyesho ya Paris ya mwaka wa 1900 injini ya Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya njugu. Habari hiyo ni ya kweli, lakini injini ile ilikuwa ya kasi ndogo, na pampu yake haikuwa na nafasi za maikroni chache zilizomo katika pampu za leo.

Mafuta ghafi ya mimea hulainisha pampu vizuri sana. Tatizo hujitokeza mbele ya pampu. Kwa uzito wake, hayanyunyiziki vyema. Matone makubwa hufika kwenye chumba cha moto bila kuungua yote. Masizi hujenga ganda kwenye nozeli, pete za pistoni hunata, na mafuta yasiyoungua huteremka kwenye oili na kuifanya nzito kama uji. Injini inaweza kwenda wiki kadhaa bila kulalamika, kisha ikafa ghafla. Mwenye mashine ya kusaga aliyeokoa bei ya pampu atakuwa amenunua gharama ya injini nzima.

Adui aliyevaa nguo ya dizeli

Mjadala wa utelezi hauwezi kukamilika bila kutaja mafuta taa. Kwa miaka mingi mafuta taa yalitozwa ushuru mdogo nchini Kenya kwa kuwa ni mafuta ya maskini. Walaghai wakayatumia kuchanganya na dizeli ili wajipatie faida. Mnamo Septemba 2018, serikali iliweka ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa kwa lengo la kukomesha mchezo huo, na mwananchi anayewasha kibatari na jiko la stovu akabeba mzigo wa kosa la wengine.

Mafuta taa ni mepesi kuliko dizeli na utelezi wake ni mdogo kuliko wa dizeli. Yakiingia katika pampu, utando hupasuka kwa urahisi, na mafuta huvuja kando ya kijiti badala ya kwenda kwenye nozeli. Kiasi kidogo cha biodizeli kingeweza kurudisha utelezi huo, lakini hakiwezi kurudisha mnato, wala hakifanyi ulaghai kuwa halali. Tiba ya kwanza ya pampu ni kununua mafuta halisi.

Mambo ya kuzingatia

Kwa mwenye boti, lori, jenereta au mashine ya kusaga, yaliyoelezwa yanaweza kufupishwa hivi.

Nunua dizeli katika kituo chenye leseni na kinachouza kwa wingi, kwa kuwa mafuta hayakai humo muda mrefu. Ukinunua kwa mtungi, hakikisha ni mkavu na haujawahi kutiwa mafuta taa wala petroli.

Jaza tangi jioni badala ya asubuhi, hasa la boti, ili kupunguza hewa yenye unyevu ndani yake. Mwaga maji yaliyotuama katika chujio kila mara.

Ukipata biodizeli iliyotengenezwa na kupimwa kwa viwango, asilimia 2 hadi 5 inatosha kulainisha. Ichanganye vizuri kabla ya kuimimina, na uwe na filta ya akiba katika wiki za kwanza. Usiiweke ghalani kwa miezi mingi.

Usimimine mafuta ya kupikia, ya nazi wala ya mbarika yakiwa ghafi. Usimimine pia oili iliyokwisha kutumika. Wapo wanaoisifu kwamba hulainisha, nayo kwa kweli hulainisha, lakini hubeba unga wa vyuma na masizi ambavyo ni msasa ndani ya nafasi za maikroni chache.

Kwa gari jipya lenye shinikizo kubwa, soma kitabu chake kabla ya kuongeza chochote. Ikiwa mtengenezaji ameweka kikomo, kiheshimu.

Swali la faida ni la wote

Linabaki swali la uchumi. Kulainisha dizeli ya kijiji kwa asilimia 2 hakuhitaji kufyeka misitu wala kuwahamisha wakulima, tofauti na ndoto za mashamba makubwa ya mbono zilizozua mivutano huko Malindi na Tana katika muongo wa kwanza na wa pili wa karne hii. Ua wa mbono au mbarika kando ya shamba, pamoja na mafuta ya kukaangia yaliyokwisha kutumika ambayo hoteli za Diani hulazimika kuyatupa au kuyauza, vinaweza kuwa malighafi ya kiasi kidogo kama hicho bila kugusa chakula cha mtu. Mafuta ya kukaangia yaliyotumika, yakichujwa, yakakaushwa na kugeuzwa kitaalamu, hutoa biodizeli yenye utelezi kama wa mafuta mapya, na humwondolea mlaji hatari ya kuuziwa vibanzi vilivyokaangwa kwa mafuta yaliyochoka.

Kinachokosekana ni kiwanda kidogo chenye mtaalamu, mizani, maabara ya kupimia na sheria inayomlinda mnunuzi. Bila hivyo, biodizeli itabaki kuwa jaribio la fundi mmoja mmoja, na pampu zitaendelea kulika.

Nyenzo zilizovuta majahazi zilikuwa za miti iliyoota pwani, na deheni ilipikwa papo hapo ufuoni. Nyenzo ya chombo cha leo imefichwa ndani ya chuma, kwa upana usioonekana kwa macho. Anayeitunza kwa mafuta halisi na kipimo sahihi atafika, na anayebahatisha ataitwa na bahari ajieleze.